Wanaobaki Kwenye Benchi

Mama alikuwa na namna yake ya kupisha watu. Wakati wa Komunio ukifika, kabla hata mwimbishaji hajamaliza kutaja namba ya wimbo, anaokota kibeti chake sakafuni, anakiweka mapajani, halafu anageuza magoti upande wa kushoto, yote mawili kwa pamoja, kama mlango unaofunguliwa. Watu wa benchi letu wanapitia hapo. Wengine wanasema samahani, wengine wanamgusa bega. Wakirudi, vichwa vimeinama na mikono iko kifuani, magoti bado yamegeuzwa. Akishapita wa mwisho, anayarudisha.

Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni kazi kamili. Ati kanisani kuna wale wa kwaya, wale wa kupitisha vikapu vya sadaka, wale wa kuonyesha watu pa kukaa, na kuna mama yangu, wa kupisha.

Nilizaliwa Nakuru na nikasoma Nakuru, shule ya msingi iliyochangia ua na kanisa la parokia yetu. Jina nitaliacha. Kama ulisoma shule ya aina hiyo, unaijua tayari: sanamu ya Maria ndani ya pango la saruji karibu na geti, mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka maua, vumbi la Nakuru juu ya maua, na Sista mmoja ambaye hakuna aliyewahi kusikia hatua zake zikija. Kwa makaratasi ilikuwa shule ya serikali. Walimu walilipwa na TSC, na tangu 2003 masomo yalikuwa ya bure. Lakini ardhi ilikuwa ya kanisa, na kanisa ndilo lilikuwa mdhamini, neno ambalo sisi wanafunzi tulilielewa hivi: Fadha akitokea kwenye paredi, hedimasta anatoa mikono mfukoni.

Saa sita kamili mchana kengele ya kanisa ililia na tukasimama kusali Malaika wa Bwana, hata kama tuko katikati ya hesabu. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Msabato. Aliweka chaki chini, akageukia dirisha, akatungoja kwa adabu kama mtu anayengoja gari moshi lipite. Tukimaliza alirudi kwenye sehemu ileile ya swali, bila kusema kitu. Mpaka leo nikifikiria heshima, huwa namfikiria yeye na chaki yake.

Halafu kulikuwa na PPI. Hicho ni kipindi cha mara moja kwa wiki ambapo kila dhehebu hufundishwa na watu wake. Darasa liligawanywa kama mbuzi sokoni. Wakatoliki tulibaki. Waprotestanti walienda darasa la jirani, Wasabato wakiwafuata shingo upande. Waislamu wetu watatu walikaa chini ya jakaranda wakifanya kazi ya ziada, na tuliwaonea wivu sana. Tukirudiana tuligombana. Sisi tulifundishwa kwamba usizini ni amri ya sita, wenzetu walifundishwa kwamba ni ya saba. Tuliipigania hiyo namba mpaka mtu akararuliwa sweta, na nina hakika hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuzini ni kufanya nini.

Mama alikuwa mpishi wa shule. Wanafunzi walimwita Mama Githeri, na mimi nikawa Mtoto wa Githeri, jina ambalo lilinifuata hadi darasa la nane. Jikoni kwake kulikuwa banda la mabati nyuma ya vyoo vya walimu, sufuria mbili kubwa, kuni, na moshi uliokaa kwenye nguo zake hata Jumapili, chini ya harufu ya mafuta ya kujipaka. Aliondoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi. Mshahara wake ulitoka kwa hela za chakula cha mchana ambazo wazazi walilipa, wengine kwa wakati, wengine kwa maharagwe, wengine kwa ahadi. Ambao hawakulipa walikula pia. Aliwapakulia mwisho, lakini aliwapakulia.

Sikupata upendeleo wowote. Rafiki zangu walinituma nikaombe maharagwe ya ziada, hasa 2009, mwaka wa ukame, ambapo ungeweza kuhesabu maharagwe kwenye sahani yako na vidole vikabaki. Mama aliniangalia, akanipa mwiko mmoja kama wengine, akasema, "Sogea, wenzako wanangoja."

Januari 2008, nikiwa naingia darasa la tatu, shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya fujo za uchaguzi. Mwisho wa mwezo huo fujo zilifika kwetu Nakuru. Watu walilala ndani ya ua wa kanisa, kwenye ukumbi na kwenye madarasa, wakiwa na magodoro, kuku, na mtu mmoja nakumbuka alikuwa amebeba mlango. Mlango tu. Sufuria za githeri za shule ndizo zilizowapikia, na mama ndiye aliyepika, mchana na usiku, siku ambazo sikuzihesabu. Fadha alikuja jikoni kuuliza kama unga unatosha. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja kumenya viazi. Hakuna aliyeuliza nani amefunga ndoa na nani hajafunga. Tulipofungua shule, darasa letu lilikuwa na wanafunzi wageni kumi na kitu, wanne kwa dawati moja, na tuliambiwa tusiwaulize wametoka wapi. Tuliwauliza.

Kuhusu jumuiya, kwa msomaji ambaye si Mkatoliki: mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha kazi yao. Mtaani maana yake ni kwamba nyumba kumi au ishirini za jirani hukutana kila wiki, kwa zamu, nyumbani kwa mtu, wakasoma Injili ya Jumapili inayokuja, wakachanga, wakanywa chai. Yetu ilikutana Alhamisi jioni. Jumuiya ndiyo inayojua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hajalipa zaka. Kwetu hukubatizi mtoto bila sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya. Mama alikuwa mweka hazina. Alikuwa hapokei Komunio, lakini hela za watu waliopokea alikuwa nazo yeye, kwenye mkebe wa majani chai, chini ya kitanda tulichokilalia. Hazikuwahi kupungua hata shilingi.

Baba alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Nakuru iko katikati ya hiyo barabara, na nadhani sisi pia tulikuwa hivyo kwake, mahali pa katikati. Alikuja mara moja au mbili kwa mwezi, na gunia la makaa au mkungu wa ndizi, akalala siku mbili, akanikagua madaftari, akaenda. Nilimpenda. Huko magharibi alikuwa na bibi wa kwanza, watoto watano, na cheti cha ndoa chenye muhuri wa kanisa. Kanisa Katoliki, zaidi ya hayo. Mama alijua hayo yote nikiwa tayari tumboni.

Mimi nilijua kwa vipandevipande, vile mtoto hujua mambo. Simu iliyopokelewa nje. Jina la mwanamke ambalo halikutajwa. Halafu nikafika darasa la nne, na katekista akanipa maneno ya kuviunganisha.

Katekista wetu alikuwa mzee wa baiskeli, suruali imebanwa na vibanio vya nguo ili isinaswe na mnyororo. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa hilo lieleweke. Hakuwahi kutuchapa, na kuchapwa shuleni kulikuwa kumepigwa marufuku tangu 2001, ingawa habari hiyo haikuwa imewafikia walimu wengine. Yeye alitumia zawadi. Ukijibu vizuri, alikupa picha ndogo ya mtakatifu, ya karatasi ngumu, yenye rangi za dhahabu pembeni. Tulizikusanya kama vile watoto wa sasa wanavyokusanya stika. Nilikuwa na Antoni, Yosefu, Martin wa Porres, na Mashahidi wa Uganda wote kwenye picha moja. Sikuwa na Teresia wa Mtoto Yesu. Yeye ameshika msalaba uliofunikwa na waridi, na msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa naye, na alinionyesha kila siku.

Siku hiyo tulikuwa tunajifunza ni nani anaruhusiwa kupokea Komunio. Majibu tuliyajua kwa kichwa: awe amebatizwa, asiwe na dhambi ya mauti, awe amefunga kula kwa saa moja. Halafu katekista akageuza swali. Nani anaweza kunipa mfano wa mtu ambaye haruhusiwi? Kijana mmoja akasema mwizi. Mwingine akasema Mprotestanti, na darasa likacheka kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba. Katekista akasema, ndiyo, lakini kuna wengine pia, Wakatoliki kabisa, wanaoishi kama mume na mke bila ndoa ya kanisa. Akafungua ile bahasha ya picha. Wa juu kabisa alikuwa Teresia.

Niliinua mkono nikipiga vidole, mwalimu, mwalimu, vile tulivyofanya tukiwa na uhakika. Akanichagua.

"Ni kama mama yangu," nikasema. "Baba ana bibi mwingine na hawajafunga ndoa."

Nilisema vizuri, kwa sentensi kamili, vile Sista alivyotufundisha. Darasa lilinyamaza. Kutoka nje ilisikika sauti ya shoka, tap, tap, mtu akipasua kuni jikoni kwa mama. Katekista aliangalia dirishani, upande wa moshi. Kisha akasema polepole, "Ni kweli. Lakini tusitaje watu." Na akaja mpaka dawatini kwangu akanipa Teresia.

Nikamchukua.

Saa saba kasoro dakika ishirini tulikuwa kwenye foleni ya githeri, na stori ilikuwa imenitangulia. Niliisikia ikipita mbele yangu mdomo kwa mdomo, kama sahani zinazopitishwa. Wasichana wa darasa la saba waligeuka kuniangalia, kisha wakamwangalia mama. Nilipofika mbele, alikuwa na kitambaa chake cha kijani kichwani na jasho kwenye mdomo wa juu. Alinipakulia mwiko mmoja. "Sogea, wenzako wanangoja."

Jioni hakusema kitu. Wiki hiyo hakusema kitu. Jumapili niliyaangalia magoti yake yakigeuka, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba anapisha kwa sababu yeye haendi, na kwamba kila mtu aliyemgusa bega alijua hilo, na nilikuwa nimelitangaza jambo ambalo wote hao walikuwa wamelibeba kimya kwa miaka tisa. Au labda hawakulibeba kimya. Labda walilisema tu wakati mama hayupo. Ndivyo jumuiya zilivyo, zinakuchangia hela ya hospitali na kukusengenya kwenye foleni ileile ya kuchanga.

Maungamo yetu ya kwanza yalifanyiwa nje, kwa sababu tulikuwa wengi. Fadha alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na pango la Maria, uso ameelekeza kwenye ukuta, na sisi tukapiga magoti kando yake mmoja mmoja. Nilikuwa nimeandika dhambi zangu kwenye karatasi ya katikati ya daftari. Uongo, mara sita. Kuiba sukari. Kumtusi dada wa jirani. Ya mwisho niliisoma haraka: nilimsema mama darasani ili nipewe picha.

Fadha, ambaye hakuwa amesema chochote kwa sukari wala uongo, aligeuka kidogo. "Mama anajua?"

"Sijui, Fadha."

Akafikiria. Akasema kitubio changu ni Baba Yetu moja, na Jumamosi niende nimsaidie mama kuosha sufuria.

Sufuria za shule zilioshwa Jumamosi, kwa majivu na gunzi la mahindi, halafu maji mengi. Mama alishtuka kuniona. Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kucheza.

"We, umetumwa na nani?"

"Siwezi kusema. Ni siri ya maungamo."

Alicheka mpaka akaketi juu ya kuni. (Baadaye nilikuja kujua kwamba siri hiyo humfunga padri, mimi ningeweza kusema vile ninataka.) Kisha akanipa gunzi, na kwa kuwa nilikuwa mdogo na sufuria ilikuwa kubwa, aliilaza kwa ubavu nikaingia ndani mzimamzima, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilisugua. Sauti ya gunzi ilikuwa kubwa mle ndani. Na sauti ya mama ikaja kutoka nje, sikumwona uso, niliona tu gumboti zake.

"Mimi nilipokea mpaka nikiwa na miaka 21," alisema. "Nilikuwa naimba kwaya hata."

Nikasimamisha gunzi.

"Endelea kuosha."

Nikaendelea. Akaniambia habari ya baba, yote, bila kumtukana. Aliniambia alivyojua. Aliniambia kuna padri mmoja wa zamani aliyemwambia amwache baba ndipo aungame, akajaribu, akamwacha miezi minne, halafu mimi nikaugua nimonia na ni baba aliyelipa hospitali. Baada ya hapo hakujaribu tena. "Siwezi kuungama kitu ambacho nitakifungulia mlango mwezi ujao," alisema. "Mungu si mtoto." Halafu akaniuliza kama pale chini kabisa nimefika, panashika sana.

Niliosha sufuria kila Jumamosi hadi nilipofanya KCPE, 2013. Kitubio kilikuwa kimeisha zamani.

Komunio ya kwanza ilikuwa Jumapili ya sherehe ya Ekaristi, Juni 2009. Gauni jeupe niliazimwa na jirani wa jumuiya na lilikunjwa mgongoni kwa pini nne. Wazazi walitakiwa kuwasindikiza watoto hadi altareni. Mimi nilisindikizwa na mama msimamizi wa ubatizo wangu. Ili nitoke kwenye benchi nilipita mbele ya mama. Alichukua sweta yangu, akaiweka juu ya kibeti, akageuza magoti. Pini moja ilinichoma nikipita na sikulia.

Mengine nitayapitia haraka. Sekondari ya bweni, mbali. Novemba 2015 Papa Francis alikuja Kenya, na mama alipanda basi la akina mama wa parokia usiku kucha ili kuwahi Misa ya tarehe 26 kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mvua ilinyesha. Alisimama kwenye matope saa nyingi na hakupokea, na alirudi na kibendera cha karatasi, njano na nyeupe, kilichotoa rangi kwa kulowa. Nilipofunga shule Desemba alinionyesha hicho kibendera na akaniambia habari moja tu ya siku hiyo: "Nimeona chuo. Nyasi zao ni nzuri. Utasoma mahali kama pale."

Nilisoma mahali kama pale, kwa muda. Mwaka 2018 nilipopata nafasi chuoni, jumuiya ilifanya mchango. Shilingi 38,000 na kitu. Kila jina liliandikwa kwenye daftari la mama, mbele ya kila jina kiasi chake, mia mbili, mia tano, elfu moja, na mtu mmoja aliyetoa kuku, ambaye thamani yake ilijadiliwa kwa dakika nyingi.

Baba alifariki 2019, barabarani, karibu na Salgaa, mahali ambapo madereva wengi wameishia. Alizikwa kwao. Mama na mimi tulienda kwa matatu na tukakaa nyuma, na wakati wa kusoma wasifu hatukusomwa. Tuliporudi, mwenyekiti wa jumuiya alikuja na majani na sukari, akamshika mama mkono, akasema kwa upole kabisa, "Pole, mama. Lakini sasa uko huru, unaweza kupokea."

Mama aliutoa mkono wake. "Huru kutoka wapi?"

Alikaa kwenye benchi miaka mingine karibu mitatu, na miaka hiyo nadhani ilikuwa yake mwenyewe, hakuwekewa na mtu. Machi 2020 corona ikafunga makanisa. Misa zikawa za redio na simu, hakuna mtu wa kawaida aliyepokea. Alinipigia Jumapili moja akicheka. "Leo sote tumekaa benchi moja," alisema. "Hata mwenyekiti."

Stori ya mimi kuacha chuo haina shujaa. Karo, HELB iliyochelewa, kozi niliyowekwa ambayo sikuwahi kuipenda, miezi ya corona ambayo nilianza kulipwa kidogo kwa kuandikia watu mambo kwenye intaneti na nikagundua kwamba sitaki kurudi. Usiku niliotakiwa kusomea mtihani wa takwimu nilikuwa nikisoma Amoris Laetitia ya Papa Francis, ya 2016, sura ya nane, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Inahusu watu kama mama. Inawaambia wachungaji wawasindikize na kupambanua hali ya kila mmoja. Nililia, halafu nikakasirika, kwa sababu Jumapili zote nilizokaa na mama kwenye lile benchi sikuwahi kuisikia ikitajwa. Mtihani sikuufanya. Mwaka mzima sikumwambia mtu nyumbani.

Niliporudi kumwambia mama, aliendelea kupanga mboga sokoni kwa macho kana kwamba nimesema mvua itanyesha. Kazi ya shule alikuwa ameiacha, mgongo ulikataa. Akasema tu, "Alhamisi jumuiya iko kwetu. Utasaidia na chai."

Kwa hivyo Alhamisi nilikuwa na birika mkononi, watu kumi na saba sebuleni, Injili imeshasomwa, ndipo mwenyekiti akaniona. Kwa furaha ya kweli. "Na huyu wetu wa chuo? Anamaliza lini tuje na keki?" Wote waligeuka. Hapo kwenye viti walikaa mia mbili, mia tano, elfu moja, na kuku.

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Huyu hajamaliza na hatamaliza," alisema. "Anaandika. Hiyo ndiyo kazi yake. Kama kuna mwenye anataka kurudishiwa hela yake, daftari ninalo, nitarudisha mmoja mmoja."

Kimya. Kisha mzee wa kuku akauliza kama chai ina tangawizi.

Usiku huo tukiosha vikombe nilimuuliza. Miaka zaidi ya kumi nilikuwa nimeliweka hilo swali. Kama alijua, siku ile ya darasa la nne.

"Nilijua kabla ya kupakua," alisema. "Katekista alikuja jikoni mwenyewe, na vibanio vyake vya suruali, akaomba msamaha. Alisema alikupa picha kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake." Akafuta kikombe. "Ulipewa nani?"

"Teresia."

"Mtoto wangu. Uniuze kwa Teresia." Akatikisa kichwa. "Si ungengoja Maria, angalau."

Aliungama mwaka 2022, siku ya kawaida, bila kumwambia mtu. Nilikuja kujua kwa kuona. Nilikuwa nimekuja nyumbani Krismasi, na mimi huenda naye Misa ingawa siku hizi huko Nairobi siendi popote Jumapili. Ninaishi na mtu pale Umoja. Hatujafunga kitu chochote, na sina mpango wa kuungama jambo ambalo ninalirudia Jumatatu. Mama anajua. Alimtumia huyo mtu gunia la viazi.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Watoto wa Utoto Mtakatifu walicheza hadi altareni na wote walikosea hatua mahali pamoja, palepale tulipokuwa tukikosea sisi. Wakati wa Komunio ulipofika mwimbishaji akaanza kutaja namba ya wimbo, na mimi, kwa mazoea, nikangoja magoti ya mama yageuke.

Alisimama. Alinyoosha sketi. Nyuma yake watu wa benchi wote walikuwa wanangoja atoke, na katikati yake na njia nilikuwa nimekaa mimi.

"Nishikie," akasema, akaniwekea kibeti mapajani.